Kadi za Nyumba ya Pili

Kisii, Jumatatu 4 Machi 1974

Nimehamia chumba cha nyuma katika jengo la Ushirika wa Mlimani. Gazeti langu limekubaliana nao nitumie simu yao, na mimi niwaandikie matangazo yao kwa Kiswahili kinachosomeka. Chumba kina meza mbili. Ya pili ni ya Eucabeth Nyamoita, umri miaka ishirini na minne, aliyesomea Nairobi kazi ya kuiandikia kompyuta maagizo. Amenisalimu kwa heshima, kisha hakunena tena hadi saa kumi. Nadhani anaringa.

Katika chumba cha mbele yuko Persis na mashine ya kutoboa kadi. Inalia kama mtu anayevunja kokoto.

Mvua: ilianza saa tisa, ikanyesha dakika arobaini.

Ijumaa 8 Machi

Sijui lolote kuhusu kompyuta. Lakini nimeandika habari miaka ishirini na saba, na mengi niliyoyaandika sikuyajua asubuhi ya siku ile. Nimeuliza, nimejibiwa, naandika.

Ushirika una wanachama 5,120, na kila mmoja ana namba. Majina yao yako Nairobi kwenye utepe wa sumaku, mfano wa ule wa kanda za muziki ila mpana zaidi. Hapa Kisii, wakulima wamejaza fomu 3,940 za kuomba miche ya chai. Persis anageuza kila fomu kuwa kadi moja yenye matundu. Programu ya Eucabeth itasoma kila kadi, itatafuta namba yake kwenye utepe, kisha itachapa mstari mmoja: jina, kituo, idadi ya miche, siku ya kuichukua. Kompyuta yenyewe ni ya watu wengine huko Nairobi. Ushirika umepewa saa mbili kila wiki. Walitaka ziwe za Jumamosi. Eucabeth ni Msabato, akakataa. Wakampa Jumapili asubuhi.

Mwaka jana hapakuwa na orodha. Bwana Ombati, katibu wa Ushirika, alitangaza tu makanisani na sokoni kwamba miche imefika, na watu wakaja wote siku moja. Niliandika habari ile: miche elfu nane ilikanyagwa katika kituo cha Ikonge pekee. Ombati ameuhifadhi ukurasa ule kwenye droo, na hunionyesha kila tukigombana.

Mwaka huu miche inatoka kitaluni Jumanne 23 Aprili. Leo Ombati amesimama mlangoni akasema, "Eucabeth, orodha isipokuwa mkononi mwangu siku hiyo, mimi narudi kutangaza kanisani na wewe unarudi kupiga taipu."

"Sawa, Bwana Katibu."

"Sitaki kusikia mashine imechoka."

"Mashine haichoki, Bwana Katibu."

"Basi wewe usichoke."

Mvua: ilianza saa nane na nusu, ikanyesha kwa saa moja kamili.

Jumatano 13 Machi

Mvua saa nane. Hakuna habari. Persis ametoboa kadi ya mwisho na kununulia ofisi nzima mandazi.

Jumatatu 18 Machi

Eucabeth amerudi Nairobi na karatasi nyembamba kuliko tulivyotarajia. Kwa saa mbili nzima kompyuta imechapa mistari 311.

Ombati ameuliza kama hiyo ni kwa dakika. Ameambiwa ni kwa saa mbili. Ameketi.

Nimefanya hesabu: sekunde ishirini na tatu kwa kadi moja. Kadi zote zingechukua saa ishirini na tano. Kwa saa mbili za kila Jumapili, tungemaliza Juni, miche ikiwa kuni.

"Inafanya nini sekunde ishirini na tatu?" nimemuuliza Eucabeth.

"Inasoma utepe tangu mwanzo mpaka iipate namba. Kisha inaurudisha utepe mwanzo. Kisha kadi inayofuata."

"Kila kadi?"

"Kila kadi, Omogaka."

Omogaka ni mzee, kwa heshima. Ni mara ya kwanza kuniita hivyo. Nimeona pia kwamba macho yake ni mekundu, na nimefuta neno *anaringa* kichwani. Mtu huyu anahesabu kila wakati, na hesabu haina nafasi ya mazungumzo.

Alhamisi 21 Machi

Wiki nzima Eucabeth anaipunguzia mashine kazi. Ameondoa jina la baba kwenye mstari, amefupisha majina ya vituo, amebadili namna ya kuhesabu siku. Ana kadi arobaini za kujaribia, zimefungwa kwa mpira, hukaa kwenye mkoba wake pamoja na kitabu cha nyimbo. Ni kadi za majirani zao wa nyumbani, waumini wa kanisa moja na baba yake. Anazijua kwa kichwa. Akibadili kitu, hupitisha zile arobaini mezani kwa penseli, moja moja, akinong'ona majina.

Persis amesema, "Wazee wa kanisa wameombewa mwaka huu kuliko miaka yote."

Mvua: saa saba na dakika hamsini. Inakuja mapema zaidi kila wiki.

Jumatatu 25 Machi

Jana Nairobi: mistari 318.

"Saba zaidi," amesema Ombati. "Tumpigie makofi."

Eucabeth ameiandika chini ya ile 311. Ameniuliza mimi baadaye kama nimewahi kuandika habari nikagundua nimeanza mahali pasipofaa. Nimemwambia mara nyingi, na kupunguza maneno hakujawahi kusaidia.

Jumanne 26 Machi

Leo tulikwenda Magwagwa kwa Land Rover ya Ushirika, Eucabeth na mimi, kuchukua nakala za fomu zilizosahaulika kituoni. Kituoni palikuwa na foleni ya kupima majani ya chai. Karani ni mpya. Mtu alipofika mbele na kikapu chake, karani alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akafunua, akafunua, mpaka aipate namba, akaandika uzito, akafunga daftari. Aliyefuata akaja, karani akafungua tena ukurasa wa kwanza. Mvua ilikuwa inaning'inia juu ya kilima.

Mama mmoja wa makamo, jina lake Nyamusi, mke wa pili wa Makori, aliweka kikapu chini akapaza sauti:

"Wewe kijana, hilo daftari linakuuma? Mbona unalifunga?"

"Natafuta namba, mama."

"Namba tunazo sisi! Simameni kwa namba, nyinyi! Moja mbele, kubwa nyuma! Tutanyeshewa hapa kama mbuzi wa kuuzwa!"

Watu walicheka na kupangana. Dakika tano za kusukumana na kuulizana namba. Kisha karani alifunua daftari upande mmoja tu, mbele, mbele, bila kurudi. Namba 2207 ni ya Makori, na chini ya namba hiyo walikuwa wake zake watatu, kila mmoja na kikapu cha shamba lake. Karani aliuacha ukurasa wazi mpaka watatu wote wamepimwa. Foleni iliisha kabla ya tone la kwanza. Nimeangalia saa: watu themanini na sita, dakika thelathini na nane.

Eucabeth alikuwa ameshika fomu kifuani, amesimama tu.

"Tunachelewa," nilimwambia.

"Omogaka," alisema, "mimi ndiye yule karani."

Njia nzima penseli yake haikutulia. Alikuwa anaandika nyuma ya fomu za watu.

Jumatano 27 Machi

Ameeleza, na hata mimi nimeelewa. Utepe wa Nairobi tayari uko kwa mpangilio wa namba. Kadi zikipangwa vilevile, kompyuta itasoma kadi na utepe kwa pamoja, zote zikienda mbele. Namba zikifanana, chapa mstari, kisha songa kote kuwili. Utepe haurudi hata mara moja.

Shida ni kwamba kadi ziko kwa mpangilio wa Persis, yaani jinsi fomu zilivyoanguka mezani. Nairobi kuna mashine ya kupanga kadi, lakini ingekula muda wetu.

"Kadi elfu nne kwa mkono?" amesema Ombati. "Mtapanga mpaka Yesu arudi."

"Nipe vikapu kumi vya kuchumia chai, Bwana Katibu," amesema Eucabeth.

Ijumaa 29 Machi

Vikapu kumi ukutani, kila kimoja kina tarakimu kwa chaki, sifuri hadi tisa. Mzunguko wa kwanza unaangalia tarakimu ya mwisho tu ya namba, unatupa kadi kwenye kikapu chake. Unavikusanya kwa utaratibu, sifuri juu. Unarudia kwa tarakimu ya tatu, ya pili, ya kwanza. Mizunguko minne, na kadi zote zimejipanga. Sikuamini mpaka nilipochungulia mahali popote mara ishirini na kukuta sawa mara ishirini.

Tulikuwa watu wanne: Eucabeth, Persis, mimi, na Ombati aliyekuja kutuangalia akaishia kushika kikapu cha saba. Persis aliimba. Ombati alimkosoa sauti ya pili.

"Katibu, hiyo tisa umeitia kwenye saba."

"Imeandikwa vibaya."

"Imetobolewa na mimi, haiwezi kuandikwa vibaya."

Tumemaliza saa kumi na nusu jioni, kabla ya Sabato kuingia. Mvua ilinyesha tangu saa saba na hakuna aliyeisikia.

Jumatatu 1 Aprili

Kadi zilisafiri juu ya basi kwenye maboksi ya karatasi. Zimefika Nairobi zimevimba kama mkate. Mashine ya kuzisoma imekwama kwenye kadi ya kumi na nne, ikakwama tena, na saa mbili zikaisha. Hakuna hata mstari.

Persis amezikagua zote moja moja mezani. Kisha ameanza kutoboa upya zilizoharibika: 209.

Alhamisi 4 Aprili

Kadi zimekaushwa juu ya magunia karibu na jiko la mkaa, zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, zimetiwa kwenye sanduku la bati la shule la Persis. Sanduku limeandikwa jina lake na la bweni lake.

Jumatatu 8 Aprili

Dakika kumi na tatu.

Naandika tena kwa sababu nitaulizwa. Kazi iliyotaka saa ishirini na tano imekwisha kwa dakika kumi na tatu. Eucabeth amesema mafundi wa Nairobi walitoka na vikombe vyao vya chai kuja kuangalia utepe usiorudi nyuma. Walidhani umeharibika.

Ombati ameibeba orodha mikononi kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Ametangaza soda kwa wote. Nimepiga simu kwa mhariri na kusoma maneno mia moja na ishirini: Ushirika wa Mlimani, kompyuta, dakika kumi na tatu, miche ya wakulima wote. Itatoka kesho ukurasa wa tatu.

Alhamisi 11 Aprili

Nakala za orodha zilibandikwa jana vituoni. Leo saa tatu asubuhi Nyamusi wa Magwagwa amefika ofisini, viatu mkononi kwa ajili ya matope, na gazeti langu kwapani.

"Nimesomewa hapa *wakulima wote*. Nani ameandika?"

"Mimi, mama."

"Mimi ni nani?"

"Nyamusi, nyumba ya pili ya Makori."

"Unanijua. Mashine yako hainijui. Nyumba ya kwanza ipo, miche mia tatu. Mimi simo. Nyumba ya tatu haimo. Nilijaza fomu, nikatia dole gumba. Mashimo nimechimba, mia mbili na hamsini, yamejaa maji yananisubiri."

Nilikuwa naifungua orodha ndipo mwanamke mwingine akaingia bila kubisha. Huyu ni Esnah, analima shamba Ikonge. Hakutuangalia. Alipita moja kwa moja mpaka mlango wa katibu.

"Baba Nyamongo! Kumbe umeniacha? Nimesoma kituoni, mbele ya watu, kwamba una mke mmoja!"

Esnah ni mke wa pili wa Ombati. Katibu alitoka akiwa ameshika kalamu.

Nilifanya nilichopaswa kufanya Jumatatu. Nilihesabu. Kadi zilizoingia: 3,940. Mistari iliyotoka: 3,318. Pungufu: 622. Nilikuwa na tarakimu zote mbili mezani tangu Jumatatu na sikuitoa moja kwenye nyingine. Nilivutiwa na dakika.

Eucabeth alizisoma tarakimu hizo mara tatu. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida, "Jumapili hii ni Pasaka. Nairobi wamefunga. Nimebaki na Jumapili moja."

Tarehe 21. Miche inatoka tarehe 23.

Nyamusi amekaa kwenye kiti changu mpaka mvua ilipopungua. Amekunywa chai. Hakukasirika tena, alitaka tu kujua nani anaitawala mashine ili amsalimie. Nilimwonyesha Eucabeth.

"Huyu mtoto?" amesema. "Basi ataniona. Ana macho mazuri."

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Kanisani asubuhi. Alasiri nimemkuta Eucabeth barazani kwa Persis na zile kadi arobaini. Amezipitisha mara sita. Zote arobaini zinatoka sawa.

"Programu haina kosa," amesema. "Nimeijaribu na watu ninaowajua."

Jumatatu ya Pasaka, 15 Aprili

Nilikuwa nyumbani, mvua nje, sina la kufanya. Nimesoma shajara hii tangu mwanzo kutafuta mahali nilipokosea, maana lazima niandike masahihisho gazetini na napenda kujua ninachosahihisha. Nimefika tarehe 26 Machi. *Karani aliuacha ukurasa wazi mpaka watatu wote wamepimwa.* Kisha nimesoma tarehe 27. *Namba zikifanana, chapa mstari, kisha songa kote kuwili.*

Nimevaa koti la mvua, nimekwenda kwa Persis, anakokaa Eucabeth.

Eucabeth alikuwa anamenya ndizi za kupika. Nimempa daftari, kidole kwenye mstari. Amesoma. Ameweka kisu chini.

"Songa kote kuwili," amesema. "Nimefunua ukurasa wa Makori baada ya mke wa kwanza."

"Na wa pili akifika?"

"Utepe uko 2208. Kadi inasema 2207. Namba ya kadi ni ndogo kuliko ya utepe, basi programu inadhani huyo hayumo kwenye daftari la wanachama, inamtupa na kwenda mbele. Niliiambia imtupe kimya kimya, nisipoteze karatasi."

"Ile programu ya polepole ilikuwa inawapata?"

"Ilikuwa inaanza mwanzo kila mara. Ingewapata hata wake kumi." Ameuvuta mkoba wake. "Na hizi kadi arobaini za kanisani kwetu, Omogaka. Kuna mwenye wake wawili humo?"

Hakuna hata mmoja. Wazee wa kanisa la baba yake wangefukuzwa. Mwanachama mmoja, namba moja, mke mmoja, kadi moja, mara arobaini.

Persis alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Ilimchukua muda kuelewa, kisha akaweka ndoo chini ili acheke vizuri.

"Kompyuta yetu ni Msabato!" alisema. "Imebatizwa! Inajua mke mmoja tu!"

Eucabeth alijizuia kidogo, akashindwa. Tumecheka mpaka jirani akachungulia.

Jumatano 17 Aprili

Marekebisho ni kuhamisha kadi moja ya maagizo kutoka hapa kwenda pale. Zamani: namba zikifanana, songa kadi na utepe. Sasa: songa kadi tu, utepe usisogee mpaka kadi iwe na namba kubwa zaidi. Na kadi yoyote itakayotupwa, ichapwe kwenye karatasi yake na sababu. Hilo la pili nimelisifu. Ni masahihisho ya gazeti.

Lakini Eucabeth haamini tena zile arobaini, na Jumapili ni moja tu. Kwa hiyo leo tumekuwa kompyuta. Ombati alikuwa utepe: alipewa daftari la wanachama na kusomewa sheria. Persis alikuwa kadi. Mimi nilichapa. Eucabeth alisimama katikati kutoa amri, na hakuruhusu mtu kutumia akili.

Persis: "2207."

Ombati: "2207, Makori."

Nimeandika mstari. Ombati akataka kufunua.

"Usisogee, Bwana Katibu."

"Nimezoea."

"Ndiyo kosa lenyewe."

Persis: "2207." Mstari. Persis: "2207." Mstari. Persis: "2215."

"Sasa songa."

Tumepitisha kadi mia moja na themanini: za Magwagwa, za Ikonge, namba zisizokuwepo, namba ya kwanza kabisa, namba ya mwisho kabisa, na mzee mmoja mwenye nyumba tano. Ilipofika namba ya Ombati mwenyewe, alisubiri ukurasa wazi, akasikia kadi ya kwanza, akasikia ya pili, na akatoa pumzi ndefu.

"Hii iandikwe kwa herufi kubwa," alisema.

Mvua: sikuandika saa.

Jumamosi 20 Aprili

Mhariri amekubali niende. Jua limetua saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, Sabato imekwisha, basi limeondoka saa moja. Sanduku la bati liko kati ya miguu yetu, si juu ya paa. Eucabeth amelala kabla ya mji wa Sotik. Mimi nimelinda sanduku.

Jumapili 21 Aprili, Nairobi

Chumba cha kompyuta ni baridi kama duka la nyama na hakina dirisha. Saa mbili na dakika nne kadi zimeanza kuingia. Eucabeth amesimama mikono nyuma. Sijawahi kumwona mtu akisikiliza mashine namna hiyo. Utepe umekwenda mbele, umesimama kidogo, umekwenda mbele. Kila ulipoduwaa, aligusa mkono wangu bila kujua.

Fundi aliniambia kusimama huko ni dalili mbaya. Nilimwambia ni dalili ya ndoa.

Saa mbili na dakika kumi na tisa imekwisha. Hatukutazama majina. Tulitazama mwisho wa karatasi.

Kadi zilizoingia: 3,940. Mistari iliyochapwa: 3,934. Zilizokataliwa: 6, kila moja na sababu. Nimejumlisha kwa mkono, mara mbili. Ndipo tukafungua Magwagwa. 2207, mistari mitatu mfululizo.

Eucabeth amesema tu, "Nina njaa."

Jumatatu 22 Aprili

Orodha imemfikia Ombati jana magharibi, stendi. Leo kabla ya adhuhuri sita zile zimepatiwa jibu: nne zilijazwa namba vibaya, mbili ni wanachama wapya wasiofika Nairobi bado. Persis amewaandika chini kwa mkono wake. Vituo vyote vina nakala. Ombati ametoa ule ukurasa wa mwaka jana kwenye droo na kunikabidhi.

"Uuchome au uule," amesema. "Mimi sina kazi nao. Na huyu binti, mtafutie kiti kizuri. Kile chake kina msumari."

Jumanne 23 Aprili

Nilikuwa Magwagwa pamoja na Eucabeth toka saa moja asubuhi. Waliokuwa siku yao walikuja, wasiokuwa siku yao hawakuja, isipokuwa wachache waliokuja kuhakikisha kwamba kweli si siku yao. Watu 141 wamechukua miche. Iliyokanyagwa: mmoja, na mbuzi.

Nyamusi amefika na punda wa kukopa. Amebonyeza kidole kwenye orodha pale alipoambiwa jina lake lipo, akakiacha hapo muda.

"Eucabeth," aliita, "uliiambia nini ili inione?"

"Niliiambia isifunue ukurasa haraka, mama."

"Lakini hilo nililisema mimi! Hapa hapa! Nilimwambia yule kijana!"

"Hapana, mama, wewe ulisema wasimame kwa namba."

"Nusu nilisema. Nusu nyingine ungeniuliza."

Mvua imeanza saa saba na robo, nyembamba, ile inayotakiwa kwa miche. Wake watatu wa Makori wamepanda kilima pamoja.

Jumatano 24 Aprili

Masahihisho niliyoyasoma kwa simu leo asubuhi, yatoke ukurasa wa tatu, mahali pale pale:

"Tarehe 9 Aprili tuliandika kwamba kompyuta ya Ushirika wa Mlimani ilitayarisha orodha ya wakulima wote kwa dakika kumi na tatu. Haikuwa ya wakulima wote. Orodha kamili imechukua dakika kumi na tano. Dakika mbili zilizoongezeka ni za wake wa pili na kuendelea."

Mhariri ameuliza kama natania. Nimemwambia ni hesabu: mistari 616, na mashine huchapa mia tatu kila dakika. Nimesikia kalamu yake, kisha amesema, "Ni sawa kabisa."

Mezani kwa Eucabeth, zile kadi arobaini zimefungwa upya. Sasa ni arobaini na tatu, tatu za mwisho zote 2207. Mpira ni ule ule, umevutwa kidogo.